Mizizi Minene ya Mwanangu

Kabla hakujapambazuka nilisikia brashi. Kwaru, kwaru, halafu kimya, halafu maji kidogo yakimwagika, halafu kwaru tena. Naijua ile sauti. Msimu wa kuchimba mizizi ukifika, mkamwana wangu huamka kabla ya watu wote, akaketi jikoni na beseni, akasugua mizizi kwa brashi ya kufulia. Ukichelewa, udongo unakauka na kung'ang'ania, na ukilazimisha unabandua ngozi. Lakini asubuhi ile brashi ilikuwa inasimama mno. Mtu asuguaye mizizi hasimamisimami vile ila awe na jambo.

Nikavaa ndara nikatoka. Taa ya jikoni ilikuwa inawaka na mlango umeegeshwa ili mwanga usifike chumbani kwangu. Ndivyo alivyo huyu mkamwana, mtu wa kuegesha milango. Hajawahi kunitangazia wema wowote, huwa nauona mwenyewe nikipita.

“Nimekuamsha, Mama?”

“Uzee ndio ulioniamsha. Wewe umenipa tu mahali pa kwenda.”

Akacheka kidogo, akanisogezea kigoda kwa mguu, maana mikono ilikuwa imelowa.

Mzizi wetu, kwa asiyeujua, hauna sura ya kumtamanisha mtu. Kwa nje ni wa kahawia, una mafundo, umejikunja kama kidole cha mzee. Lakini ukiukata, ndani ni njano kama kiini cha yai. Hiyo njano inashika kisu, inashika kucha, haitoki msimu mzima. Na uchungu wake ni wa kumkumbusha mtu madhambi yake. Unakaa ardhini miaka ndipo unachimbwa. Tunampelekea mzee mmoja mjini ambaye watu wote wanamwita Mpishi. Yeye anaukuna, anaukausha, anaupika kuwa shira ya kifua.

Mizizi iliyokuwa kwenye beseni haikuwa hiyo. Ilikuwa minene, imenyooka, laini, kama mikono ya mtoto anayenyonya vizuri.

“Hii nayo ni yetu?”

“Ya shamba la chini,” akasema. Hakuinua uso.

Nikachukua kisu nikakata mmoja. Ulikatika upesi mno, kama tango. Ndani ulikuwa umepauka, rangi ya chai iliyozidiwa maziwa, na maji yakatoka. Nikaunusa: harufu ya kiazi kibichi. Nikagusa kwa ulimi: hakuna kitu. Kisha nikatazama kucha za mkamwana wangu. Kila mwaka zingekuwa za njano kufikia hapo. Zilikuwa nyeupe, safi kama za bibi harusi.

Akaweka brashi chini.

“Mama, mimi nimeliona hili tangu juzi. Sikujua nimwambie nani.”

Basi akanieleza kwa sauti ya chini. Yule muuza pembejeo wa pale njia panda alimpa mume wake kichupa, dawa ya kudhibiti ukuaji. Kina picha ya karoti nene. Unaichanganya na maji kwenye pampu, unapulizia majani yakishasimama, unarudia baadaye. Na kweli, majani yalijikunyata. Yakawa mafupi, ya kijani cha kuiva sana, kana kwamba yamepunguzwa kwa mkasi. Mizizi nayo ikanenepa. Mume wake akawa anapita kati ya matuta akipiga mluzi.

“Hukumuuliza?”

“Nilimuuliza. Akasema naogopa maendeleo.”

“Na lile gunia la kwanza?”

Akafuta mikono kwenye nguo, taratibu, kidole kimoja kimoja.

“Lilishakwenda, Mama. Wiki iliyopita.”

 Mpishi ana desturi yake ya tangu zamani. Mizizi mipya ikifika, kabla hajapika chochote cha kuuza, anachukua konzi ya kwanza anamchemshia mke wake. Na mke wake ni shoga yangu. Tulikaa dawati moja shuleni. Tulimwita Cheko, kwa sababu alikuwa anacheka hata anapochapwa, na jina likamganda mpaka leo ana wajukuu. Kifua chake kibovu miaka mingi. Hospitali wanampa vidonge na kile cha kuvuta kwa mdomo, na daktari wake anajua habari za mzizi; alisema sawa, mradi uwe ule ule wa shamba lile lile. Cheko mwenyewe husema akiunywa anapanda ngazi za nyumba yake bila kusimama katikati na kujifanya anatazama ukuta.

Sasa mtu wa namna hiyo, mwenye pumzi za kuhesabu, tumempelekea nini?

Mwanangu akaingia. Ni mrefu, mlango wa jikoni humlazimu kuinama, na mjini wanamwita hivyo hivyo, Mrefu.

“Mbona mmekaa kama mko msibani?” Kisha akaona kipande kwenye kisu changu. “Mmeona lakini? Mmeona unene ule?”

“Nusa, baba.”

“Mama, mzizi ni mzizi.”

“Nusa tu.”

Akanusa. Akanusa tena. Akaurudisha mezani kwa adabu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

“Umepulizia nini, mwanangu?”

“Nimepulizia majani.”

“Sijakuuliza wapi, nimekuuliza nini.”

“Lakini ndiyo maana yake, Mama! Majani yako juu, mzizi uko chini. Tukichimba, majani tunayatupa. Nani anakunywa majani?” Alisema kwa uhakika kabisa, na nikaona kwamba kweli alilifikiria jambo hili, alilikalia usiku na kuligeuza. “Hata upepo niliuangalia. Nilishusha bomba karibu kabisa, isianguke hata tone kwenye udongo. Na tuta lako sikuligusa.”

“Kwa nini hukuligusa?”

“Si ungeniuliza?”

Mke wake akacheka puani. “Kwa hiyo ulijua kuna la kuulizwa.”



“Baba,” nikamwambia, “Cheko anakunywa.”

Sikuhitaji kuongeza neno. Cheko ndiye aliyemshonea sare yake ya kwanza ya shule, akaiacha na upindo mkubwa chini kwa sababu aliona miguu ya mtoto yule inakoelekea. Hadi leo humwita Mama Cheko. Mwanangu akageuza ndoo akaikalia.

“Muuzaji alisema haina neno.”

“Haina neno kwa nani? Kwa karoti?”

Akampigia Mpishi simu. Ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Asubuhi Mpishi yuko kwenye mashine ya kukuna, hasikii hata radi. Mwanangu akasimama na simu mkononi, na nikamwona akipigana na nafsi yake. Lilikuwa limebaki gunia la pili mlangoni, limeshonwa tayari. Angeweza kusema tungoje kidogo, tuone. Mtu yeyote angeweza kusema hivyo.

Akasema, “Naenda.”

“Tunaenda,” nikasema.

Mkamwana wangu alikuwa ameshatoka nje. Alirudi na udongo mpaka viwikoni, amechimba kwenye tuta langu mizizi ile midogo iliyopinda, akaifunga kwenye gazeti bila hata kuiosha. “Asikose dawa,” akasema. Kisha akamgeukia mumewe: “Gari la maziwa linapita sasa hivi. Wewe kaa nyuma, Mama akae mbele.”

Dereva wa maziwa ni kijana mchangamfu ambaye hajui kunyamaza.

“Bibi! Asubuhi yote hii, umepata mchumba mjini?”

“Nimepata, ila hana meno.”

“Mtafaana basi!”

Nikacheka kwa ajili yake. Kwenye kioo cha pembeni nilikuwa namwona mwanangu katikati ya makopo ya maziwa, magoti yamefika kidevuni, kile kifurushi cha gazeti amekipakata. Hofu yangu ilikuwa kwa Cheko kwanza. Lakini nisiseme uongo, ilikuwa kwa mwanangu pia. Shamba likiharibika linalimwa jingine. Mtu akimdhuru aliyemshonea sare, hata kwa bahati mbaya, analima wapi?

Nyumba ya Mpishi ni ya ghorofa moja, chini karakana, juu wanaishi wenyewe. Siku nyingine ukikata kona ya mtaa wao uchungu unakupiga kooni kabla hujaona mlango. Siku ile kona ilinuka sabuni ya jirani tu. Ndani mashine ilikuwa inanguruma, na kwenye trei, zimepangwa safu kwa safu hadi karibu na dari, kulikuwa na mizizi iliyokunwa, imepauka kama vumbi la mbao. Mwaka uliopita zile trei zilikuwa zinawaka kwa njano.

Mpishi alikuwa amevaa aproni yake, miwani imefungwa kamba.

“Mrefu! Mwaka huu umenifanyia mambo! Mashine haijawahi kula vizuri hivi, haikwami hata kwenye fundo. Shemeji, na wewe umekuja? Leo jua litachomoza mara mbili.”

“Umeshapika?” mwanangu akauliza. Hata salamu hakuitikia vizuri.

“Nipike kabla ya maabara? Wewe unanijua.” Kila mavuno yakifika, Mpishi anapeleka sampuli kwa mama mmoja wa maabara ya chuo, na mpaka yule mama ajibu, sufuria zinabaki zimefunikwa. “Rangi yenyewe sijaielewa, lakini nikasema labda ni mvua.”

“Na Mama Cheko?”

“Aa, huyo hangoji maabara.” Alisema kwa fahari, mzee wa watu. “Anakunywa tangu gunia lilipofika. Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Nampelekea kwa mikono yangu hii.”



“Baba,” mwanangu akasema, “nilipulizia dawa.”

Mpishi akanyoosha mkono akazima mashine. 

“Rudia.”

Akarudia, yote, kuanzia kichupa na picha ya karoti hadi majani kujikunyata. Hakujitetea. Mpishi hakupiga kelele. Alivua miwani akaifuta kwa aproni, ikazidi kuchafuka, akaivaa hivyo hivyo. Halafu, kabla ya neno lolote, akanisukumia kiti. Alikuwa ameona miguu yangu inatetemeka. Katika hali kama ile, mwanamume yule aliona miguu yangu.

Akachukua simu akampigia mama wa maabara, akaweka sauti wote tusikie.

“Mzee, shikamoo. Nilikuwa nakunywa chai tu nikupigie,” sauti ikasema. “Hii mizizi ni ya Mrefu kweli? Nguvu yake haifiki nusu ya mwaka jana. Nikadhani umebadilisha mkulima. Halafu kuna kitu ndani sikipendi.”

“Mrefu mwenyewe yuko hapa,” Mpishi akasema. “Zungumza naye.”

Mwanangu akamtajia jina la dawa. Alikuwa amepiga picha kile kichupa, akasoma herufi moja moja. Halafu akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia tangu alipobalehe, “Lakini dada, nilipulizia majani tu.”

 Yule mama alikuwa na nafasi nzuri ya kumcheka, au kumsomea somo. Hakufanya hivyo.

“Kaka yangu, hapo wengi wameteleza, na kwenye kichupa hawaelezi. Dawa hii kazi yake ni kulizuia jani lisirefuke. Mmea unaendelea kutengeneza chakula, lakini juu hakuna pa kukipeleka, kwa hiyo unakirundika chini. Ndiyo maana mzizi unavimba. Umejaa wanga na maji. Ule uchungu na ile njano ni vitu ambavyo mmea unavitengeneza polepole mno, na hapo umeharakishwa kunenepa, haukupata nafasi. Na dawa yenyewe haibaki ilipopuliziwa. Nyingine inateremka hadi mizizini, na nyingine inaingia kwenye udongo na kukaa muda mrefu.”

“Kuna mgonjwa amekuwa akinywa,” Mpishi akasema. “Mke wangu.”

“Aache leo hii. Kilichomo ni kidogo, Mzee. Siwezi kukuambia kimemdhuru, na siwezi kukuambia hakijamdhuru. Mpelekeni kwa daktari wake, mtajieni jina la dawa. Na Mrefu, umefanya vizuri kusema. Ningehangaika wiki nzima kujua ni nini.”

Tukapanda ngazi. Mpishi mbele, mkono kwenye ukuta, mwanangu nyuma yangu amenishika kiwiko.  Nilikuwa nasikiliza kikohozi. Nilikuwa namwomba Mungu nisikisikie, halafu nisipokisikia naogopa zaidi.

Cheko alikuwa ameketi kwenye kiti cha dirishani, karibu na cherehani yake iliyofunikwa, anachana nywele zake nyeupe. Kikombe kilikuwa mbele yake, kinatoa mvuke. Akatutazama mmoja mmoja, mlangoni, tumejipanga.

“Wote watatu! Kwani nimekufa?”

 Mwanangu akapita, akachuchumaa mbele ya kiti chake hadi uso wake ukawa sawa na wa Cheko.

“Mama Cheko, mizizi niliyokuletea si mizuri. Niliipulizia dawa ya kunenepesha. Nilidhani inabaki kwenye majani. Haibaki. Wewe umekuwa ukiinywa, na kosa ni langu.”

Cheko akamtazama. Akakitazama kikombe. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na mimi nikadhani ndiyo pumzi inamkata, nikapiga hatua. Kumbe anacheka. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, tukaruka wote kumwendea, akatupungia mkono tukae mbali.

“Sijainywa,” akasema alipopata sauti.

“Hujainywa leo,” Mpishi akasema.

“Sijainywa hata siku moja. Siku ya kwanza nilionja, funda moja, nikaitema. Nikasema, hii nini, maji ya viazi? Nikaimwaga.”

“Umeimwaga wapi?”

“Si hapo dirishani.”

Mpishi akaenda dirishani, akatoa kichwa nje. Chini yake ni paa la bati la stoo yake. Alikaa na kichwa nje kwa muda.

“Nilidhani ni njiwa!” akasema. “Kila siku napanda ngazi na ndoo nasugua bati, nawatukana njiwa wa watu!”

“Nilikuwa nakuona,” Cheko akasema. “Nikawa nawaonea huruma njiwa.”

Mwanangu aliweka paji la uso kwenye mkono wa kile kiti, na sikuona uso wake, niliona mgongo tu, unapanda na kushuka. Cheko akaweka kiganja juu ya kichwa chake.

“Huyu naye, hata akichuchumaa bado mrefu.”

Mimi nilikaa kitandani kwake bila kukaribishwa.  Nilihisi kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani kwa mwendo mrefu, halafu akatuliwa, shingo ikabaki inaelea.

“Sasa umekuwa ukinywa nini?” nikamuuliza. “Mbona unapumua vizuri?”

Akafungua droo ya cherehani. Chini ya reli za uzi kulikuwa na mkebe, na ndani ya mkebe vipande vya mwaka uliopita, vikavu, vya njano iliyokolea. Vilikuwa vimebaki vichache, vinafunika chini tu. “Nilikuwa najiwekea akiba. Nikaibanabana. Naloweka kwenye maji ya chupa ya chai, huyu mzee akishashuka.”

“Mwanamke wewe,” Mpishi akasema. “Kwa nini usiniambie kama ni dhaifu? Unanidanganya ndani ya nyumba yangu?”

“Sikukudanganya, nilimsitiri mtu. Ningekuambia, ungefanya nini? Yule mkulima wa mlimani alikuletea gunia moja bovu, ukamkata siku hiyo hiyo, hata sababu hukumuuliza. Nikasema, kwa Mrefu asifanye hivyo. Nitamngoja mama yake aje, nimuulize kimya kimya, kuna nini shambani.” Hapo akanigeukia. “Nikangoja. Kwa gunia la kwanza hukuja. Nikasema atakuja kwa la pili. Ningekufa na siri ya watu.”

“Magoti, shoga.”

“Magoti yako nayajua. Ni mavivu tangu shuleni.”

Mpishi alikuwa bado dirishani. Habari ya mkulima wa mlimani ilimgusa, niliona. Alikuja taratibu, akachukua kile kikombe chenye mvuke, akakishika mbali na mwili wake kama kina nyoka.

“Kesho tunakwenda kwa daktari hata hivyo,” akasema. “Funda ni funda.”

“Nitakuja kuwachukua,” mwanangu akasema, akajifuta uso kwa mkono wa shati.

Wao wawili wakashuka. Nilisikia huko chini trei zikishushwa, moja baada ya moja, na magunia yakifunguliwa midomo. Sauti ya Mpishi ilipanda ngazi vizuri tu, maana mzee huyu hajui kunong'ona.

“Ungenyamaza, maabara ingesema, na hapo ningekukata, sikufichi. Lakini umekuja mwenyewe, na mama yako umekuja naye. Basi mwaka huu nitachukua tuta la mama yako, kidogo kidogo, lote. Shamba la chini usinipandie mzizi mpaka yule mama aje apime udongo.”

“Nitapanda miti ya mbao huko. Mzizi nitauhamishia shamba la juu.”

“Miaka mingi hiyo ya kungoja.”

“Nitangoja, Baba.”

“Na yule muuza pembejeo?”

“Nitakwenda kumweleza. Naye hakujua.”

“Mweleze. Halafu nami nina safari ya kwenda mlimani,” Mpishi akasema, safari hii kwa sauti ya chini zaidi. “Kuna mtu sikumuuliza.”

Cheko akaminya jicho. 

Nikafungua gazeti. Mizizi ya tuta langu ilitoka na udongo wake, midogo, imepinda, mmoja umejifunga kabisa kama fundo la kamba. Nikaisugua kwa maji ya jagi lake, nikakata kwa mkasi wa kushonea kwa kuwa kisu hakikuwepo. Njano ikaruka kwenye mkasi, ikashika kidole, na chumba kizima kikapata harufu yake. Cheko akafumba macho akavuta pumzi kupitia puani, ndefu, hadi mwisho, haikukwama.

Nikaloweka. Tukangoja, tukizungumza habari za watoto na habari za meno. Ilipokolea nikampa. Akanywa, uso ukakunjamana wote, mpaka masikio.

“Huyo!” akasema. “Huyo ndiye.”

Akanipa na mimi funda. Ulimi ukanifa. Tukatazamana kwa zile sura zetu za uchungu, tukaanza kucheka kama wasichana wa dawati la nyuma.

Chini gari la maziwa likapiga honi. Dereva alikuwa amemaliza mzunguko wake na makopo yalikuwa matupu. “Bibi! Mchumba bado hajakuchoka?”

Nikasimama. Magoti yalikuwa mazuri kidogo. Cheko naye akasimama, akanisindikiza mpaka kichwani mwa ngazi, na pale akashika pindo la shali langu, akalishika hasa, kama mtu anayepima kitambaa.

“Kesho huyu mwanao anakuja kunipeleka kwa daktari,” akasema. “Hiyo si kuja. Hiyo ni hospitali. Na ukija kuleta mizizi, hiyo ni biashara, sitaihesabu.”

“Sasa unataka nije vipi?”

“Mikono mitupu. Uje tu, ukae kwenye kiti kile, unichoshe kwa maneno. Jumamosi unaweza? Njoo Jumamosi, shoga.”